Matanga ya Daraja

Alhamisi iliyopita, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeshika, tulimpoteza shangazi yangu, Mama Byamungu. Jumamosi tulimzika chini ya mikaratusi iliyo juu ya nyumba yake, upande wa Kibabi, katika milima ya Masisi. Mimi siku hizi naishi Hombo, kule Walikale, ambako nauza mafuta ya mawese kando ya barabara. Lakini siku alipougua nilikuwa kwake. Nilikuwa nimempelekea dumu la mafuta na sabuni. Ndiyo maana ukoo ulinichagua mimi nisimame mbele ya watu nitoe historia ya ugonjwa.

Kwetu kuzika hakumalizi matanga. Matanga yanakwisha pale mtu wa karibu anaposimama, kichwa wazi, akaeleza ugonjwa ulianzaje, mgonjwa alipelekwa kwa nani, alipewa nini, na neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Watu wanasikiliza wakiwa wameketi chini. Anayetaka kuuliza anauliza. Wakiridhika, wazee wananyanyuka kwanza, wanakung'uta nguo, na wengine wanafuata. Wasiporidhika hakuna anayenyanyuka, na mwenye kulijua jambo anabaki ameketi katikati yao kama mwiba kwenye nyama.

Kabla sijasimama, Byamungu, mtoto wa marehemu, alikuja akainama sikioni mwangu. Tumekua pamoja, na tangu zamani yeye ndiye aliyejua mambo kabla yangu.

"Dada, useme kwa kifupi," alininong'oneza. "Tumbo ilimuuma, Mungu akamuita. Basi."

Nikamwuliza kama mama yake alikufa hivyo. Alinyoosha kidevu kuelekea kiti kimoja mbele, alipokaa mkuu wa kituo chetu cha afya, mguu juu ya mguu, viatu vikiwa safi licha ya tope.

"Weye utarudi Hombo," akasema. "Sisi njo tutabakia hapa na yeye."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mke wake anakaribia kujifungua. Lakini alipoinuka, koti lake lilinipitia usoni. Lilikuwa limetolewa sandukuni asubuhi hiyo na lilinuka naftalini, ile dawa nyeupe ya kufukuza mende. Sijui harufu inafanyaje kazi kichwani mwa mtu. Najua tu kwamba kwa muda nilikuwa tena mtoto mdogo, koti la baba likiwa juu ya kichwa changu, nikishuka mbio kwenye njia ya soko nikiamini baba amekufa.

Mto wetu ni mdogo. Mwalimu hakuwahi kuuchora kwenye ramani ya ubaoni. Lakini mvua ikinyesha kule juu kwenye malisho ya ng'ombe, unashuka na mawe. Mwaka huo ulikuwa umelichukua daraja lote, na shule ilikuwa ng'ambo, na soko, na kituo cha afya. Baba alikuwa akinivusha mgongoni kila asubuhi. Nakumbuka baridi ya maji kwenye visigino vyangu, na shingo yake iliyonuka jasho na sabuni ya kufulia, na jinsi alivyotafuta jiwe kwa vidole vya mguu kabla ya kuliamini.

Kwetu alikuwako shefu. Ndivyo tulivyomwita mwakilishi wa Serikali, aliyekuwa na biro, ofisi yake ya mabati, karibu na soko, na nyumba yake pembeni, na nyuma ya biro kasho, chumba kidogo cha kufungia watu. Jina lake sitalitaja, maana watoto wake wako hai na hawakufanya kosa. Siku moja ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, shefu alitangaza kwamba Serikali italeta fundi na misumari ikiwa kila nyumba itatoa ubao mmoja. Watu walifurahi. Baba alipasua mkaratusi aliokuwa akiutunza kwa ajili ya paa letu, na uani kwetu kukanuka utamu wa mti mbichi wiki nzima. Shangazi hakuwa na mti. Alikuwa mjane. Alibomoa kitanda alichokuwa akilalia na mumewe, akachukua ubao wa ubavuni, akaubeba mwenyewe hadi kwa shefu.

Mbao zilipangwa nyuma ya biro hadi zikanizidi urefu. Sisi watoto tulizipanda tukicheza kwamba tayari ni daraja. Kisha asubuhi moja tukafika kucheza, na hazikuwepo. Palibaki majani meupe yaliyokosa jua, na minyoo ikitafuta pa kujificha, na alama za magurudumu zilizojaa maji ya mvua.

Watu wazima waliona kama tulivyoona. Walipita hapo, wakatazama, wakaendelea na safari. Nyumbani maneno yalikuwa yakizungumzwa kwa sauti ya chini, na nilipoingia yanageuka kuwa habari za maharage. Baba aliendelea kunivusha mgongoni.

Halafu ikafika salongo nyingine. Shefu alisimama juu ya ngazi ya biro yake, kofia kichwani, akasema kwamba kazi ya daraja inaendelea vizuri, na kwamba sasa kila nyumba ilete ubao mwingine. Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Nikamwona baba ananyoosha mkono juu, wima, kama mwanafunzi anayejua jibu. Niliona fahari. Shuleni anayenyoosha mkono hivyo huitwa mbele na kupewa chaki.

"Shefu," baba akasema, "zile za kwanza ziko wapi?"

Shefu alicheka. Akawauliza watu kama Papa huyu amekuwa ministre, yaani waziri, lini, maana yeye hakupata habari. Watu wengine wakacheka kidogo wakitazama chini. Baba alingoja kicheko kiishe. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aonekane mkaidi.

"Mimi naulizia tu mbao," akasema tena.

Polisi walimshika kwenye mkanda wa suruali wakampeleka nyuma ya biro. Ilisemwa ameikosea Serikali heshima. Mama alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba pete yake iliniumiza, tukaenda nyumbani kupitia mtoni bila mtu wa kutuvusha.

Nilipouliza, mama alinijibu kwamba baba yuko kwa shefu, kuna mambo wanaongea, atarudi. Alisema hivyo huku akipeta maharage yaliyokuwa tayari yamepetwa. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Babu alipokufa, sisi watoto tuliambiwa ameenda Goma kutafuta dawa, na atarudi. Tulimngoja kwa muda mrefu, tukisubiri biskuti, mpaka tukaona wanamvisha mzee mwingine kofia yake. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu mzima akisema atarudi bila kukutazama, kuna maiti mahali.

Asubuhi yake shangazi alikuja kwetu. Hakuwa na kitambaa kichwani. Nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona nje ya nyumba, zilikuwa wazi, na kitenge alikuwa amekifunga kiunoni chini, kwa lile fundo la kwenye vilio. Alimwambia mama neno moja tu, "Twende." Mama akafungua kitambaa chake, akakiweka juu ya meza, akatoka. Wanawake wengine walikuwa wakingoja njiani, vichwa wazi vyote, na hakuna aliyebeba jembe. Niliachwa na mdogo wangu na jungu la maharage jikoni.

Haukupita muda mrefu, Byamungu akaja mbio. Akaniambia wamama wote wako matanga kwa shefu, wamekaa chini, wanalia. Nilimwuliza nani amekufa.

"Banasema ni daraja," akasema. Alitafakari kidogo, akatikisa kichwa kama mzee. "Daraja haina damu. Haiwezi kufa. Ni mutu, banaficha."

Hakumtaja mtu huyo. Hakuhitaji.

Leo nikijaribu kukumbuka kama nililia, sikumbuki kulia. Nakumbuka kuwaza juu ya shati. Baba alikamatwa akiwa na shati la salongo, lililochanika begani, na kwetu mwanamume haingii ardhini na shati la kazi. Babu alivishwa koti. Niliona wazi kwamba watu wazima, katika kuficha kwao, wamesahau koti. Nilifungua sanduku la chini ya kitanda, nikalitoa koti la Jumapili la baba, zito, la rangi ya udongo, vidonge vya naftalini vikianguka kutoka mifukoni. Mdogo wangu nilimwachia Byamungu. Koti nililiweka juu ya kichwa lisiguse tope, nikashuka; mtoni mpita njia mmoja alinivusha.

Yaliyotokea kwenye ua wa shefu kabla sijafika niliyasikia baadaye kwa mama, na aliyasimulia mara nyingi, kwa sababu sehemu hii ilikuwa inamchekesha. Wanawake walikuwa wameketi chini mbele ya ngazi ya biro, miguu imenyooshwa, kama mbele ya nyumba ya mfiwa. Polisi mmoja kijana, mgeni kwetu, aliwauliza wanatafuta nini.

"Tuko matanga," shangazi akamwambia.

"Nani alikufa?"

"Daraja."

Kijana aliona mchezo. Akauliza kama daraja lina mama, lina watoto. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba linao watoto wengi, na yeye polisi ni mmoja wao, maana siku alipoletwa hapa alipita juu ya mgongo wake. Wanawake wakacheka katikati ya kilio, kisha wakaendelea kulia. Kijana akawaambia watoke. Shangazi akamwambia wafiwa hawafukuzwi, hata kwao iko vile, amuulize mama yake. Mwenye kuujua ugonjwa wa daraja atoke nje, aeleze ulianza wapi na nani alikuwa karibu, na wao watanyanyuka kwenda zao. Mama alisema hapo mkono wa kijana ulipanda wenyewe, ukatoa kofia. Alikuwa amekumbuka kwamba mbele ya matanga mtu havai kofia. Alipogundua alichofanya aliirudisha, lakini wote walikuwa wamekwisha kumwona.

Shefu hakutoka. Dirisha la biro lilikuwa wazi kidogo, kisha likafungwa. Na pembeni, nyuma ya ua wa matete wa nyumba yake, mama yake mzee, mwenyeji wa upande wa Nyamitaba, alikuwa ameketi na ungo wake wa maharage akisikiliza. Alikuwa ameacha kupeta.

Hapo ndipo nilipofika na koti.

Niliingia uani bila neno. Wanawake walikuwa wamenipa mgongo. Mmoja aligeuka, akanyamaza. Halafu mwingine. Mama alikuwa wa mwisho kugeuka. Alinitazama usoni, kisha akatazama kilichokuwa kichwani mwangu.

Mimi nilikuwa nimeleta koti kwa sababu niliamini wao wanajua. Yeye alipoliona aliamini mimi nimeambiwa. Alidhani kuna mtu amefika nyumbani, ametuma koti liletwe, na hakuna mtu anayetuma koti la Jumapili katikati ya wiki kwa ajili ya mtu aliye hai.

Sauti aliyoitoa mama yangu sijaisikia tena, hata siku baba alipokufa kweli. Haikuwa na neno ndani yake. Wanawake wote waliipokea, na kile kilio cha daraja, kilichokuwa na kicheko ndani yake, kikaisha pale pale. Sasa walikuwa wanamlilia mtu. Shangazi alipiga ardhi kwa viganja vyote viwili, akaita jina la kaka yake. Mimi nilisimama na koti langu nikawaza, basi ni kweli.

Mlango wa biro ukafunguka kwa nguvu. Shefu alitoka, kofia kichwani, akawatazama wanawake, akalitazama koti, kisha akamgeukia yule polisi kijana.

"Mulimufanya nini mule?" akamwuliza.

Alipaza sauti juu ya kilio, wote tukaisikia. Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Alikuwa amemfunga mtu, na alipoambiwa kwa kilio kwamba amekufa, hakushangaa kwamba inawezekana. Alitaka kujua tu imefanyikaje. Wanawake walilisikia hilo kama nilivyolisikia, na kilio kikakatika.

Polisi akaapa kwamba jana mtu huyo alikula. Akatafuta ufunguo mfukoni, haukuwepo, akatafuta mfuko mwingine. Na katika ukimya ule tukasikia mlango wa kasho unapigwa ngumi kutoka ndani, na sauti ya baba ikiita, imepasuka kabisa.

"Ni mutoto gani? Muniambie ni mutoto gani."

Alikuwa amesikia mkewe akilia. Alidhani mto umemchukua mmoja wetu.

Walipomfungulia alitoka akishika ukuta, kwa sababu ya mwanga. Shati lilikuwa limechanika hata kwenye bega la pili. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu yakitafuta, yakanipata. Alinitazama kwanza miguu, kisha uso, kama anayehakikisha kwamba nimekamilika. Sikukimbilia kwake. Nilimwogopa kidogo. Nilinyoosha mikono nikampa koti, kwa kuwa hilo ndilo nililokuwa nimekuja kufanya. Alilichukua, akalivaa juu ya shati bovu, akafunga kifungo kimoja. Sijui kwa nini alilivaa. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelileta.

Hakuna aliyekuwa amemwona yule mama mzee akitoka. Alikuja na fimbo yake, kitambaa chake cha kichwa mkononi, nywele nyeupe zikiwa wazi, akashuka polepole mpaka chini, karibu na shangazi.

"Kilio iko mu lupango yangu, na mimi nibakie mu nyumba?" akasema, akionyesha ua mzima kwa fimbo. "Munilaani?"

Akauliza nani amefiwa, kama inavyoulizwa. Shangazi ndiye aliyejibu. Alimweleza kwamba kaka yake, shukuru Mungu, mzima yule pale. Anayeliliwa ni daraja. Alisema hivyo akimtazama usoni, na mama yangu alikuwa akisema hapo ndipo alipoogopa zaidi siku ile, kwamba kikongwe atacheka na yote yataishia kwenye kicheko. Hakucheka. Naye alikuwa akivuka mto ule ule kwenda misani.

"Sawa," akasema. "Na historia, nani ataitoa?"

Wote walimtazama shefu. Alikuwa amerudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni.

"Toa kofia," mama yake akamwambia.

Shefu alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo, na alikuwa na bunduki mbili za polisi nyuma yake. Angeweza kuingia ndani. Aliitoa kofia. Akaanza kusema kwamba mvua mwaka huu ilikuwa nyingi, na njia ni mbaya, na Serikali ina mipango yake.

"Mvua tuliona," mama yake akasema. "Uzungumuze mbao."

Basi akaeleza. Alieleza akitazama ndani ya kofia yake. Mbao zilipakiwa kwenye lori la mtu. Kulikuwa na mkubwa mmoja mjini, juu yake, anayejenga, aliyeziomba, na mkubwa akiomba haombi. Nyingine zilikwenda kwenye nyumba ya shefu mwenyewe anayoijenga huko huko. Shangazi alimwuliza jina la mkubwa huyo. Alikataa kulitaja, na hakulitaja kamwe. Shangazi akauliza tena, kama anayeuliza kuhusu dawa aliyopewa mgonjwa.

"Na papa wa huyu mutoto, yeye alikosa nini?"

Shefu alinitazama, akatazama koti. "Aliuliza," akasema.

"Kuuliza njo kosa?"

Alirudisha macho ndani ya kofia. Mama mzee hakunyanyuka. Na kwa kuwa mzee hakunyanyuka, hakuna aliyenyanyuka.

Baba aliachiwa siku hiyo, ingawa hakuna mtu aliyesema aachiwe. Alikuwa tu nje, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumrudisha ndani. Lakini wanawake walibaki. Watu waliwaletea kuni na maji, kama kwenye matanga yoyote, na yule polisi kijana nilimwona akiwasaidia kuwasha moto. Walikaa mpaka lori liliporudi na mbao. Hazikurudi zote. Zile za mkubwa hazikurudi. Shangazi alizunguka rundo akatafuta ubao wa kitanda chake, akaukuta, akaugonga kwa vidole kama anayebisha hodi. Daraja likajengwa na wanaume wetu wenyewe, jembamba, la mtu na mbuzi wake, kwa sababu mbao za kulipanua hazikuwepo. Baadaye shefu alihamishwa. Wengine walisema ni adhabu, wengine walisema amepandishwa.

Siku ile ya koti, tulirudi nyumbani kupitia mtoni. Baba alilikusanya koti hadi kiunoni akanibeba mgongoni. Katikati ya maji aliniuliza nani alinituma. Nikamwambia nilijituma, nilidhani wamesahau kumvisha. Alisimama pale, maji yakimpiga mapajani, muda mrefu kuliko alivyohitaji kutafuta jiwe.

Miaka imekwenda. Vita vilitutoa kule tukakimbilia Walikale, na baba alikufia Hombo kwa ugonjwa wa kifua. Tulimzika na koti hilo hilo. Historia yake aliitoa shangazi. Alipanda lori na kuja kwa ajili hiyo tu.

Basi Jumamosi nilisimama. Nilifungua kitambaa changu. Nilisoma miaka michache tu na sijui kupamba maneno, kwa hiyo nilieleza kwa kufuata yalivyokuja. Nilisema tumbo lilimkamata mchana akimenya mihogo. Nilisema kijiji kilipewa pikipiki yenye kitanda cha kubebea wagonjwa, na kwamba nilikimbia kituoni kuiomba, na haikuwepo, na muuguzi aliniambia mkuu ameituma. Nilisema tulimbeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti cha mabegani. Tulipofika darajani wabebaji hawakuweza kupita wawili wawili, tukamtua chini ili wajipange upya, wapite mmoja mbele na mmoja nyuma. Nilisema kwamba hapo pikipiki ilitokea ng'ambo, ikirudi kutoka sokoni, na kwenye kitanda cha wagonjwa kulikuwa na magunia matupu ya makaa. Niliyaona mwenyewe. Mkono wangu ulichafuka nilipoyashusha ili tumlaze yeye.

Kisha nikasema neno lake la mwisho, maana ndivyo inavyotakiwa. Tulipomtua chini aligeuza uso, shavu likiwa juu ya mbao za daraja, akazitazama hadi upande wa pili. Alikuwa na maumivu, lakini alitabasamu.

"Zile zingine," aliniambia, "hazijarudi bado."

Alikata roho kwenye pikipiki, kabla ya soko.

Nilipomaliza nikakaa chini. Mvua ilikuwa nyepesi. Mkuu wa kituo cha afya alitazama simu yake, akaitia mfukoni, akanyanyuka, akakung'uta suruali. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Wazee walikuwa wameketi. Wanawake walikuwa wameketi, miguu imenyooshwa. Byamungu peke yake alikuwa amesimama, pale njia inapotokea uani. Nilidhani atampisha. Alivua koti lake lenye naftalini, akalitandika kwenye tope katikati ya njia, akakaa juu yake.